Miaka Niliyomsemea Mwana wa Baridi

Kazi ya kutafsiri filamu niliipata kwa sababu mwanamume aliyekuwa akiifanya aliondoka bila kuaga. Mume wangu alikuwa na banda la video hapa Bariadi, nyuma ya soko, lenye mabenchi ya mbao na turubai lililozibwa pande zote ili mwanga usiingie. Watu hawakuja kwa ajili ya filamu. Walikuja kwa ajili ya sauti ya yule mtafsiri, nzito kama ngoma, aliyeweza kuwasemea majambazi, polisi na mama anayelia, wote kwa pumzi moja. Siku moja akapata kazi Dar es Salaam, akapanda basi.

Jumapili iliyofuata mchana watu wamekaa, filamu imeanza, Wachina wanagombana kwenye televisheni na hakuna wa kuwasemea. Mume wangu akashika maiki, akakohoa, akasema, "Huyu amekasirika." Baada ya muda akaongeza, "Na huyu pia amekasirika." Watu wakaanza kucheka, na si kwa uzuri. Mimi nilikuwa mlangoni nauza karanga na michembe ya viazi vikavu. Nilimwonea haya, nikaacha beseni langu nikaenda kumnyang'anya ile maiki.

Nimezaliwa Kasoli, kwenye pamba. Kuchuma pamba ni kazi ya mikono, mdomo unabaki huru, na shangazi zangu walikuwa wakinipigania nichume kwenye mstari wao kwa sababu ya hadithi zangu. Kwa hiyo sikuona ugumu. Kichina sikukijua, lakini mtu aliyeibiwa ng'ombe uso wake ni mmoja dunia nzima. Mchana ule niliwapa wale Wachina ng'ombe, shemeji mlevi na mnada ulioharibika, na watu wakatoka wanapangusa machozi ya kicheko. Tangu siku hiyo maiki ikawa yangu.

Filamu tulikuwa tunanunua Mwanza, zimejazwa kwenye flashi, na hujui umepewa nini mpaka uifungue. Ndani ya flashi mojawapo, katikati ya filamu za ngumi, kulikuwa na moja ambayo haikuwa na ngumi hata moja. Inaanza na bibi kizee wa Kizungu amesimama nje ya nyumba yake ya mbao, baridi inamtoa moshi mdomoni. Mbele yake kuna ziwa, na ziwa lote limeganda, jeupe, gumu. Wanakuja wanaume na farasi na trekta, wanaing'oa nyumba kwenye msingi wake, wanaifunga kwenye magogo, halafu wanaanza kuivuta juu ya ziwa.

Watu wa banda waliduwaa. Sisi hapa ziwa tunalijua, watu wa Busega wanavua ndani yake. Mzee mmoja alisimama akasema, "Huo ni uongo. Maji hayabebi nyumba." Wakamwambia akae.

Lugha ilikuwa Kifaransa, nilitambua hivyo tu, maana yake sikuijua hata kidogo. Nikafanya kama kawaida. Nikasema huyu mama ni mjane, mume wake amezikwa juzi, na ndugu wa mume wamekuja kumfukuza waichukue nyumba. Naye amewajibu, "Mnataka kiwanja? Chukueni kiwanja. Nyumba naondoka nayo." Wanawake walipiga vigelegele mpaka turubai likatikisika. Wale wanaume waliokuwa wakivuta, kila barafu inapopasuka wanapiga kelele maneno ambayo nilidhani nayajua. Mimi ni Mkatoliki, nimeimba kwaya, nikawasikia wazi wakitaja tabernakulo, wakitaja kalisi, wakitaja hostia. Nikawaambia watazamaji, "Mnawaona hao? Watu wa sala. Kila wakiogopa wanaikumbuka altare."

Nyuma kabisa mtu akacheka. Alicheka peke yake, mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha, na hakuweza kuacha. Nikageuka. Alikuwa mtawa wa Kizungu, mzee, kilemba kimekwenda upande, ameshika mbavu.

Filamu ilipokwisha alinifuata mbele. "Mwadila, mayu," akanisalimia Kisukuma, akiniita mama, kama mtu aliyezaliwa Itilima. Alikuwa muuguzi, anakaa Mkula, ameishi Usukumani miaka mingi kuliko nilivyoishi mimi. Siku hiyo alikuja parokiani Bariadi na kina mama wake wa kwaya, na alipokuwa akipita sokoni akasikia Kifaransa kinatoka kwenye spika. Si Kifaransa cha Paris, aliniambia. Kifaransa cha kijijini kwao, Kebeki, kule Kanada. Alidhani malaria imempanda kichwani.

"Sista, nimekosea wapi?" nikamuuliza.

"Kote," akasema. "Lakini umekosea vizuri. Wale wanaume hawasali, mayu. Wanatukana. Kwetu mtu akikasirika anatukana kwa vyombo vya altare. Baba yangu alikuwa anaitaja tabernakulo kila trekta likizima."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimewaambia watu zaidi ya mia kwamba matusi ni sala.

Sista akakaa kwenye benchi akanieleza hadithi yenyewe. Yule mama ana dada yake ng'ambo ya ziwa. Waligombana wakiwa wasichana, wakazeeka wakitazamana madirisha bila kusemeshana. Sasa dada anaumwa, na huyu hataki kwenda kama mgeni, kwa sababu mgeni hurudi kwake. Ndiyo maana anahama na nyumba. Hakuna ndugu wa mume, hakuna anayefukuzwa.

Kisha akanieleza na habari za aliyeitengeneza. Mwongozaji huyo alikuwa kijana wa huko kwao, wa kijiji kilicho kando ya mto mkubwa, ambaye baba yake alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani. Hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Kamera aliazima, na wale wavutaji wengi ni wajomba zake, ndiyo maana wanatukana kwa ufasaha vile. Sista alijua kwa sababu ana mtoto wa dada yake kule anayemtumia magazeti na habari za nyumbani.

Kwangu matatizo yalinisubiri nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa bandani siku ile. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kiti chake mwenyewe, na alitoka kabla ya mwisho. Nilimkuta uani anapepeta mahindi bila kuniangalia.

"Umenisema mbele za watu," akasema.

"Mama, ile filamu imetoka Kanada."

"Kanada wananijua mimi? Ndugu wa mume, ndugu wa mume, nani hakuelewa?"

Nikamwapia kwamba nilitunga kwa kutojua lugha, na kwamba Jumapili inayofuata nitaionyesha tena na kuisema sawasawa, Sista akiwa pembeni yangu. Mume wangu akaona ni wazimu kuonyesha filamu moja mara mbili. Lakini watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, maana habari za matusi ya altare zilikuwa zimefika hadi minadani.

Jumapili hiyo nikasema ukweli. Wanawake wengi hawakuupenda. "Turudishie wale mashemeji," wakasema, "hii ya dada haina moto." Lakini mama mkwe wangu, safari hii, hakutoka. Yule mama alipofika ng'ambo na nyumba yake, na dada akafungua dirisha, mama mkwe alijifunika kanga uso mzima. Alikuwa na dada yake Nkoma. Walikosana kwa maneno yaliyosemwa kwenye msiba wa baba yao, na mimi tangu niolewe sikuwahi kumwona huyo dada akikanyaga kwetu. Jumanne asubuhi mama mkwe alifunga kuku wawili, akaniambia nimsindikize stendi. Alikaa Nkoma wiki tatu. Aliporudi alikuwa amenenepa, na alikuwa na hadithi za dada yake za kutosha mwaka mzima.

Baada ya hapo yule mwongozaji akawa mtu wa nyumbani kwetu. Watazamaji wakampa jina la Kisukuma lenye maana ya mwana wa baridi, na Sista akawa anatuletea kila alichotoa. Alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi. Jumamosi tunakaa wawili bandani, ananieleza sentensi kwa sentensi, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, mimi naandika kwenye daftari. Jumapili napanda mbele.

Filamu ya pili ndiyo iliyonipa taabu. Ni ya mwanamume anayekaa peke yake msituni akirekebisha saa za ukutani, na kuna mahali pengi hakuna mtu anayesema chochote. Theluji inaanguka. Mtu anakunywa chai. Mtafsiri analipwa kwa kusema, kwa hiyo nikawa najaza. Nikasema anawaza hiki, anawaza kile. Sista akaniwekea mkono juu ya maiki.

"Nyamaza hapa."

"Watadhani spika imekufa."

"Wadhani."

Nikanyamaza. Kweli mtu akapiga kelele, "Mama, spika imekufa." Mwingine akamwambia, "Haijafa, tazama." Bandani pakawa kimya, na kimya hicho sikuwahi kukisikia mle ndani tangu tulipopigilia benchi la kwanza. Watu walikuwa wanasikiliza chai ikimiminwa. Nilisimama na maiki yangu nikahisi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe na haruhusiwi kumtikisa. Mambo mengi ya kazi hii nimejifunza mwenyewe, lakini kunyamaza nilifundishwa na mtu wa Kebeki ambaye sijawahi kumwona.

Kisha akaanguka. Filamu ya tatu alijaribu kuchekesha, akaenda mjini, akaweka magari na harusi na mbwa aliyevaa koti. Sista aliileta bila furaha. Tuliitazama Jumamosi wawili, na ilipokwisha nikamuuliza, "Mahali pa kucheka ni wapi?" Akasema, "Hata magazeti ya kwetu yanauliza hivyo." Waliokuwa wakimsifu walimgeuka, waliokuwa wakimpa fedha za kutengenezea wakafunga milango. Tulisikia kwamba amerudi kijijini na anaendesha basi la wanafunzi.

Nilisikitika kama ni ndugu yangu. Nilitaka hata kuisahihisha filamu yake, niiwekee mashemeji. Sista akakataa. "Mtu ana haki ya kukosea kwa mdomo wake mwenyewe," akasema. Tukaionyesha kama ilivyo. Hakuna aliyecheka ila mama mkwe, aliyempenda yule mbwa.

Na sisi tukaanguka, karibu wakati huohuo. Simu zilikuwa zimefika kila mfuko. Mtu anatazama filamu akiwa amelala kwake, ya nini kukaa kwenye benchi langu? Siku nyingine walikuja watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua. Mume wangu akafungua turubai, akauza mbao, akarudi kwenye pamba. Mimi nikaweka cherehani kibarazani. Nilishona sare za shule, nikawa namsimulia mteja filamu wakati nampima, mpaka wengine wanasahau walichokuja kushona. Mmoja alikuja kupunguza gauni akaondoka nalo vilevile baada ya saa mbili, amefurahi.

Sista hakuacha kuja. Alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, ananiletea habari za Mwana wa Baridi. Anaendesha basi bado. Ameoa. Amepata mtoto. Anaandika kitu usiku, watu wanasema. Halafu kwa miezi mingi hakuna habari. Kisha siku moja alishuka kwenye bajaji mbele ya kibaraza kabla haijasimama vizuri, na kwa umri wake nilimgombeza.

"Amerudi," akasema. "Mayu, amerudi."

Ilikuwa filamu ya treni iliyokwama kwenye theluji siku nyingi, abiria na wafanyakazi wamo ndani, na dereva wake ni mwanamke. Nusu Kifaransa, nusu Kiingereza. Kwa kuendesha lile basi, Sista alisema, mwongozaji alikuwa amejifunza jinsi watu waliofungiwa mahali pamoja wanavyozungumza. Filamu hiyo ikapata tuzo kubwa, ikaonyeshwa nchi za mbali, na wale waliofunga milango wakaifungua wakiwa wametangulia wenyewe kumpokea.

Nikamwambia mume wangu, "Nataka kuisema hii." Akasema banda hatuna. Nikasema tutafute giza, giza ndilo banda. Alifikiri kidogo, akanikumbusha kuwa msimu wa pamba umekwisha na ghala la ushirika wa huko Nkoma limebaki tupu. Dada wa mama mkwe ndiye aliyekwenda kutuombea kwa viongozi. Tukaazima projekta ya parokia, tukafunga shuka jeupe ukutani, tukapeleka na sola na betri.

Lile ghala ndani ni giza mchana kweupe. Watu walikuja na vigoda vyao kutoka vijiji vya jirani, wengine walikuwa hawajawahi kukaa mbele ya picha kubwa namna ile. Vumbi la pamba lilikuwa bado sakafuni, kwa hiyo filamu nzima watu walikuwa wanapiga chafya, na kila mara mtu akipiga chafya wengine wanamwitikia. Nilisema treni yote. Nilimsemea dereva, nikawasemea abiria, na pale dereva anaposhuka kutazama reli zilizofunikwa, nikaishusha maiki. Watu mia tatu wakanyamaza na mimi. Kisha chafya.

Tukafanya hivyo Kasoli, tukafanya Mkula, tukarudi Bariadi kwenye ukumbi wa parokia. Waliokuwa na filamu hiyohiyo kwenye simu walikuja pia. Niliwauliza kwa nini, wakasema kwenye simu hakuna wa kukaa naye.

Mwaka uliofuata Sista alikwenda likizo kwao. Aliporudi alikuja moja kwa moja kibarazani kwangu, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu, akakataa chai mpaka amalize kusema. Mwongozaji alikuwa ameonyesha kazi zake katika ukumbi wa kijiji kimoja jirani na cha kina Sista, na baadaye watu wakaruhusiwa kumuuliza maswali. Sista akasimama. Akamwambia kuwa Tanzania, mkoa wa Simiyu, kuna mwanamke aliyemgeuza yule mama wa kwenye barafu kuwa mjane anayewakimbia mashemeji, na kuwageuza wajomba zake kuwa watu wa sala.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Kwanza alikaa chini. Alicheka mpaka akaomba maji. Mjomba wake mmoja alikuwa ukumbini, mzee sasa, akasimama akasema ni mara ya kwanza mtu kumwita mtu wa sala. Halafu mwongozaji akaniuliza, huyo mama huko Afrika, mjane wake anafika ng'ambo?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia anafika, na wanawake wanapiga vigelegele. Akasema kwake hakuna aliyepiga vigelegele. Akasema anakuonea wivu."

Nilirudi kwenye cherehani kwa sababu sikujua pa kuweka uso. Nikashona mkono wa kulia wa shati upande wa kushoto.

Mwaka huu mwongozaji ametoa nyingine, ya Kiingereza yote, yenye waigizaji ambao hata watoto wangu wanawajua. Ikafika kwenye ukumbi wa sinema Mwanza. Sista akasema twende tukaione mahali inapostahili kuonwa. Mume wangu alikuwa na palizi, akasema nimchukue mama yake badala yake. Basi tukaondoka alfajiri, wanawake watatu, tukapitia Lamadi, tukala samaki Magu, na saa nane mchana tukawa tumekaa kwenye viti laini vinavyorudi nyuma. Mama mkwe alikishika kiti chake kwa mikono yote miwili.

Taa zikazimwa. Picha ilikuwa kubwa kuliko ukuta wa ghala, na sauti ilitoka pande zote. Kulikuwa na meli, moto, na jeshi linalovuka mto na farasi waliokonda, na maneno yanakwenda kwa kasi. Niliogopa kidogo kwa ajili ya yule mwongozaji, kama unavyomwogopea mtoto wa jirani aliyevaa suti ya mtu mzima. Sista alisinzia mapema, safari ilikuwa imemchosha. Mama mkwe akaniinamia sikioni.

"Wanasema nini?"

"Mama, hapa haturuhusiwi kusema."

"Nani amekataza? Mimi nimetoka Bariadi."

Nikaanza kumnong'oneza. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini kazi za mtu huyu nimezibeba mdomoni miaka mingi, najua anapotaka kwenda. Baada ya dakika chache nikahisi mtu ameegemea kiti changu kwa nyuma. Nikanyamaza, nikijua nitafukuzwa. Alikuwa kijana mwenye miwani, na mchumba wake pembeni.

"Samahani, mama," akasema polepole. "Huyu mwenye kovu ana undugu gani na yule?"

"Ni kaka yake," nikamjibu, "lakini bado hawajajuana."

"Asante. Endelea tu, na ukiweza ongeza sauti kidogo."

Nikaongeza kidogo. Watu wa mstari wa mbele wakageuza vichwa, nao hawakulalamika. Yule ndugu mwenye kovu alipofika kando ya mto, akatazama ng'ambo bila neno, nikafunga mdomo, na mama mkwe akanishika mkono, akatazama.

Tulipotoka nje jua lilikuwa bado kali. Sista alikuwa amekasirika kwamba hatukumwamsha. Mama mkwe alitembea mbele yetu mpaka tulipofika kwenye gari la kuturudisha, akapanda, akajipanga na kanga yake, ndipo akatoa maoni.

"Amekua huyu kijana," akasema. "Ila farasi wake hawalishwi. Mwambieni."

Sista akatoa simu kwenye mkoba, akaanza kumwandikia mtoto wa dada yake kule Kebeki.